Vifuko vya utumbo mpana: Maradhi yaliyodhaniwa hayamgusi Mwafrika

MKAZI wa Kabazi anayeshikwa na maumivu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya kitovu, aghalabu hutajiwa maradhi matatu kabla ya kuonana na daktari. La kwanza ni taifodi, la pili ni amiba na la tatu ni vidonda vya tumbo. Akiona damu chooni, huongezwa la nne, nalo ni bawasiri. Kuna jina la tano ambalo halisikiki mara nyingi katika wadi hiyo ya kaunti ndogo ya Subukia, wala kwingineko katika Bonde la Ufa la kati. Hilo ni daivatikulosisi, yaani hali ya kuwa na vifuko vidogo vilivyotokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana.

Kutosikika kwake kuna sababu mbili. Kwanza, watu wengi wenye vifuko hivyo huishi navyo hadi mwisho wa maisha yao bila kujua, kwa kuwa haviumi. Sababu ya pili ni ya kihistoria, na ndiyo yenye uzito zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kwa miongo kadhaa wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na kwamba Mwafrika hayapati. Sehemu kubwa ya ushahidi wa fundisho hilo ilikusanywa katika hospitali za eneo hili hili, na madaktari walioheshimika sana. Lilikuwa na ukweli wake wakati lilipotolewa. Tatizo ni kwamba limeendelea kuishi katika fikra za wengi baada ya wakati wake kupita, na anayeumia ni mgonjwa wa leo.

Vifuko vyenyewe

Utumbo mpana ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban mita 1.5. Huanzia chini upande wa kulia, karibu na kidole tumbo, ukapanda hadi chini ya ini, ukavuka tumbo kwenda kushoto, kisha ukateremka na kujipinda mfano wa herufi S kabla ya kufika kwenye njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kufyonza maji kutoka kwa mabaki ya chakula na kuyasukuma yanayobaki kuelekea nje.

Ukuta wake una tabaka laini la ndani na tabaka la misuli kwa nje. Mishipa ya damu inayolisha tabaka la ndani hupenya katikati ya misuli, na pale inapopenyea pana udhaifu. Shinikizo ndani ya utumbo likizidi, au tishu zinazoushikilia ukuta zikilegea kwa sababu ya umri, tabaka la ndani husukumwa nje kupitia matundu hayo na kufanya kifuko. Aliyewahi kuona tyubu ya baiskeli ikichungulia kwenye ufa wa tairi kuukuu ana picha kamili ya jambo hili. Kifuko kimoja aghalabu huwa na upana wa milimita 5 hadi 10, na mtu anaweza kuwa na viwili au makumi.

Umri ndio jambo linalotangulia mengine yote. Katika nchi za Magharibi, ambako hesabu zimechukuliwa kwa muda mrefu, karibu nusu ya watu waliovuka miaka 60 wanavyo, ilhali walio chini ya miaka 40 ni wachache. Kwa watu wa Ulaya na Marekani vifuko vingi hukaa upande wa kushoto, kwenye sehemu iliyojipinda. Kwa watu wa Asia Mashariki huonekana zaidi upande wa kulia.

Inafaa kutenganisha majina mawili yanayokaribiana kwa sauti. Daivatikulosisi ni kuwa na vifuko tu. Daivatikulaitisi ni pale kifuko kimoja au zaidi kinapofura na pengine kushambuliwa na viini. Tofauti hiyo si ya kitabuni pekee. Mgonjwa anayeambiwa kwamba kamera imeonyesha vifuko mara nyingi hutoka chumbani humo akiamini kwamba amepewa hukumu, kumbe ameelezwa hali ambayo yamkini haitamsumbua kamwe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia watu ambao vifuko vyao viligunduliwa kwa kamera, uligundua kwamba takriban 4 tu kati ya kila 100 ndio waliopata daivatikulaitisi katika muda wa miaka 11.

Kutoka Mulago hadi London

Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904, aliingia katika idara ya matibabu ya serikali ya kikoloni nchini Kenya mwaka 1929. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akatibu na kufundisha katika Hospitali ya Mulago, Kampala, hadi mwaka 1958. Anakumbukwa zaidi kwa kazi yake kuhusu utapiamlo wa watoto uitwao kwashiakoo. Hata hivyo, katika kitabu alichochapisha mwaka 1960 kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika, alieleza jambo jingine lililokuwa limemshangaza kwa karibu miaka 30: maradhi mengi yaliyokuwa ya kawaida kwao Uingereza hayakuonekana, au yalikuwa nadra mno, miongoni mwa Waafrika aliowahudumia. Vifuko vya utumbo mpana vilikuwa mojawapo.

Mwenzake, Denis Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, aliyepoteza jicho moja utotoni. Alifika Uganda mwaka 1946 na kuanzia kazi Lira kabla ya kwenda Mulago. Jina lake limebaki katika saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili zipatazo 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiulizia saratani hiyo hospitali baada ya hospitali. Ni mtu aliyeamini katika kuuliza. Aliporejea Uingereza katika miaka ya 1960 alikutana na mawazo ya daktari wa jeshi la wanamaji, T.L. Cleave, aliyelaumu sukari na unga mweupe kwa maradhi chungu nzima. Burkitt alizigeukia tena hospitali za misheni barani Afrika, safari hii kwa barua, akitaka kujua ni mara ngapi waliona kidole tumbo kilichofura, bawasiri, saratani ya utumbo mpana na vifuko. Majibu yalifanana: mara chache.

Mwaka 1971, pamoja na mpasuaji Neil Painter wa London, alichapisha katika jarida la BMJ hoja iliyotikisa ulimwengu wa tiba. Vifuko, walisema, ni ugonjwa wa upungufu, na kinachopungua ni nyuzinyuzi za chakula, yaani ile sehemu ya nafaka, mboga na matunda isiyosagika tumboni. Mwaka uliofuata Burkitt na wenzake walitoa vipimo katika jarida la Lancet. Watu walimezeshwa chembe ndogo zinazoonekana kwa eksirei, kisha kinyesi chao kikapimwa. Si jambo la kuzungumzwa mezani, lakini takwimu zenyewe hazisahauliki. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chembe zilipita katika muda wa saa 36 hivi. Vijana wa jeshi la wanamaji la Uingereza walitoa takriban gramu 100, na chembe zilichukua zaidi ya saa 80.

Maelezo yakawa mepesi kueleweka. Kinyesi kidogo na kigumu huulazimisha utumbo kukaza misuli kwa nguvu ili ukisukume, shinikizo likapanda, vifuko vikatokeza. Vinu vya kisasa vinavyoondoa pumba vilibebeshwa lawama, na hapa historia inagusa Nakuru yenyewe, kwa kuwa kampuni ya Unga Limited ilianzishwa Njoro na Lord Delamere mwaka 1908, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likigeuzwa mashamba ya ngano ya walowezi.

Kulikuwa na pengo katika hoja hiyo. Ugonjwa usioleta dalili hauonekani mpaka utafutwe, na hospitali nyingi za misheni hazikuwa na picha za bariamu wala kamera za kuutafuta. Fauka ya hayo, wagonjwa wazee walikuwa wachache, ilhali haya ni maradhi ya uzee. Haikuchukua muda mrefu kabla ya ripoti za aina nyingine kutoka barani Afrika kwenyewe. Mwaka 1978 madaktari wa Ghana waliandika kuhusu wagonjwa wao. Mwaka 1979 J.F. Calder aliripoti, katika BMJ ile ile, vifuko miongoni mwa Waafrika waliopigwa picha za bariamu Nairobi. Mwaka 2002 Elsie Kiguli-Malwadde na H. Kasozi walichapisha uchunguzi wao wa Kampala, mji ule ule alikotoka Burkitt na hoja yake, wakionyesha kwamba ugonjwa huo upo miongoni mwa wenyeji. Je, ulikuja na mikate na chipsi, au ulikuwapo siku zote bila kutafutwa? Yamkini yote mawili ni kweli kwa kiasi fulani.

Nyuzinyuzi: kilichosalia cha hoja ya Burkitt

Watafiti wa baadaye wamempunguzia Burkitt ushindi wake bila kumnyang'anya wote. Mwaka 2012 uchunguzi wa watu zaidi ya 2,000 katika jimbo la North Carolina, Marekani, uligundua kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na vifuko vichache kuliko wenzao. Uchunguzi mwingine wa kundi hilo la watafiti haukupata uhusiano kati ya kufunga choo na kuwa na vifuko. Tafiti za mapacha nchini Uswidi na Denmark nazo zimeonyesha kwamba urithi wa familia unachangia karibu nusu ya uwezekano wa kuupata ugonjwa huu.

Lakini kuwa na vifuko ni jambo moja, na kuugua kwa sababu yavyo ni jambo jingine. Watafiti wa Oxford waliowafuatilia watu wapatao 47,000 nchini Uingereza walieleza mwaka 2011 kwamba wasiokula nyama walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 31 wa kulazwa au kufa kwa ugonjwa huu, na kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikingwa vilevile. Kwa hivyo, huenda nyuzinyuzi hazizuii kifuko kutokeza, ila hupunguza uwezekano wa kifuko hicho kuleta madhara. Kwa mtu anayepanga chakula chake tofauti hiyo haibadilishi mengi. Kwa mtu aliyekula vizuri maisha yake yote kisha akaambiwa ana vifuko, inamwondolea lawama.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Jikoni Kabazi kiasi hicho si cha kutafutwa mbali. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Nusu ya parachichi kubwa huleta 5 au zaidi. Githeri, njahi, ndengu, viazi vitamu, nduma, uji wa wimbi, managu na terere vyote vimo katika hesabu hiyo. Mkulima wa zamani aliyekula githeri mchana na mukimo usiku alifikisha gramu 25 bila kupima chochote.

Kilichobadilika ni unga. Unga wa mahindi uliosagwa kwa kinu cha kijijini bila kukobolewa una takriban gramu 7 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100. Ule mweupe wa pakiti, ulioondolewa pumba na kiini, una karibu nusu ya kiasi hicho. Sheria ya mwaka 2012 inayowalazimu wasagaji kuongeza vitamini na madini katika unga wa pakiti ni jambo jema, lakini hairudishi pumba. Ugali huo ukiliwa na mchuzi, kifungua kinywa kikawa chai na mkate mweupe, na chakula cha mchana sokoni kikawa chipsi, mtu anaweza kumaliza siku akiwa hajafikisha gramu 15 huku ameshiba kabisa.

Anayeamua kubadilisha mlo wake asifanye hivyo kwa siku moja. Nyuzinyuzi zikiongezwa ghafla hujaza tumbo gesi, na wengi hukata tamaa wiki ya kwanza. Heri kuanza na badiliko moja, tuseme uji wa wimbi badala ya mkate, na kuongeza jingine baada ya wiki moja au mbili. Maji nayo yaongezwe, kwani nyuzinyuzi bila maji hufanya choo kuwa kigumu zaidi.

Kuna katazo moja la kale ambalo bado hurudiwa, hata na baadhi ya wahudumu wa afya: kwamba mwenye vifuko asile mahindi, karanga, bisi wala matunda yenye mbegu, eti punje zitakwama katika kifuko. Kumkataza mtu wa Subukia mahindi ni karibu sawa na kumkataza kula. Kwa bahati nzuri katazo hilo halina msingi. Mwaka 2008 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 18. Waliokula karanga, mahindi na bisi hawakuugua zaidi, na waliokula karanga au bisi angalau mara mbili kwa wiki waliugua kidogo kuliko waliokula kwa nadra.

Mengine yanayoongeza hatari ni unene wa kupita kiasi, uvutaji sigara, kukaa bila kufanya kazi za mwili na ulaji mwingi wa nyama nyekundu. Mkulima anayeshinda shambani ana kinga fulani. Mwanawe aliyehamia Nakuru mjini na kushinda kitini, huku Jumamosi akila nyama choma, ana kinga ndogo zaidi.

Damu isiyo na maumivu

Kwa kuwa kila kifuko kimetokeza pale mshipa wa damu unapopenya, ukuta wa mshipa huo huweza kuchakaa na kupasuka. Mgonjwa, aghalabu mtu mzima aliyevuka miaka 60, huhisi haja ya ghafla, akaenda chooni na kuona damu nyingi, nyekundu au ya rangi ya zambarau iliyoiva. Haumwi. Katika visa 3 kati ya 4 hivi, damu hukoma yenyewe. Inaweza kurudi baada ya saa chache au miaka michache.

Hatari ya kwanza ni kupoteza damu kwa wingi mpaka mtu akazirai. Kizunguzungu, jasho jembamba, mapigo ya moyo ya haraka na kuishiwa nguvu anaposimama ni ishara kwamba hakuna nafasi ya kungoja asubuhi. Kwa familia iliyo mbali na barabara ya lami, maana yake ni kutafuta gari usiku huo huo. Pikipiki si chombo cha kumbeba mtu anayezirai.

Hatari ya pili ni ya polepole na kwa hakika ndiyo inayoua wengi zaidi: kudhani kwamba damu ni ya bawasiri au ya vifuko kumbe ni ya saratani. Saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa zile zinazoonekana sana Kenya, na si wagonjwa wachache walio chini ya miaka 50. Bawasiri hutoa damu inayodondoka au kupaka kwenye karatasi baada ya choo. Hata hivyo, hakuna awezaye kuitofautisha kwa macho na damu ya chanzo kingine. Damu inayorudi, upungufu wa damu usioeleweka, kukonda na mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa ni mambo yanayohitaji kamera ya utumbo, wala si mrija wa dawa ya kupaka.

Pana pia suala la dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa madukani kwa ajili ya mgongo na magoti, huongeza uwezekano wa vifuko kutoa damu na hata kutoboka. Mwenye vifuko atumie parasetamoli kila inapowezekana. Asipirini aliyopewa mtu kwa ajili ya moyo ni jambo tofauti, na haifai kuachwa bila kauli ya daktari. Mchanganyiko wa vidonge vinavyofungwa katika karatasi bila jina, ambao mnunuzi huambiwa tu ni wa maungo, ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu huenda ukawa na diklofenaki na steroidi kwa pamoja.

Kifuko kinapofura

Daivatikulaitisi huja na maumivu yasiyokatika, kwa kawaida chini kushoto, yanayozidi siku baada ya siku. Mgonjwa hupata homa, kichefuchefu, na choo hubadilika kuwa kigumu au cha kuharisha. Tumbo likibonyezwa upande huo huuma sana. Vifuko vikiwa upande wa kulia, dalili hufanana na za kidole tumbo kiasi cha kumkanganya hata daktari mzoefu. Kwa wazee na kwa wanaotumia steroidi homa inaweza kutokuwapo kabisa.

Hapa ndipo taifodi inapoingia. Kipimo cha damu kiitwacho Widal, kinachotumiwa sana katika zahanati na maabara ndogo, hupima kingamwili ambazo mtu anaweza kuwa nazo kutokana na maambukizi ya zamani. Katika eneo ambalo taifodi ipo, majibu ya kipimo hicho huweza kusema ndiyo hata kwa mtu asiye nayo wakati huo. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha viini vya damu katika maabara. Mgonjwa wa miaka 55 au zaidi ambaye ametibiwa taifodi mara 3 katika mwaka mmoja, kila mara kwa maumivu ya upande ule ule wa kushoto, ana haki ya kuuliza kama kuna jambo jingine.

Wakati wa maumivu ya namna hiyo kuna mambo mawili yanayofanywa nyumbani kwa nia njema ambayo ni hatari: kumpa mgonjwa dawa kali za kuharisha, ziwe za duka au za mitishamba, na kumtia maji kwa njia ya haja kubwa. Kifuko kilichofura ni chembamba. Shinikizo likiongezwa huweza kupasuka na kumwaga kinyesi ndani ya tumbo.

Hospitalini, picha ya CT ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kilichofura na kama kuna jipu au tundu. Mahali pasipo na CT, picha ya mawimbi ya sauti katika mikono yenye ujuzi husaidia. Kamera ya utumbo haipitishwi wakati uvimbe umepamba moto, kwa kuwa inaweza kutoboa. Kutoka Kabazi, mgonjwa huanzia kituo cha afya kilicho karibu au Subukia, na anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali ya kaunti mjini Nakuru, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH.

Matibabu yamebadilika katika miaka ya hivi karibuni. Zamani kila mgonjwa alipewa viuavijasumu. Majaribio mawili makubwa, moja la Uswidi na Iceland lililochapishwa mwaka 2012 na jingine la Uholanzi la mwaka 2017, yalionyesha kwamba mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna jipu wala tundu, na ambaye hana maradhi mengine mazito, hupona vivyo hivyo bila dawa hizo. Hupumzika, hunywa vitu vya majimaji kwa siku 2 au 3, hutumia parasetamoli na kurudi kuangaliwa. Uamuzi huo ni wa daktari aliyeona picha. Haufai kuchukuliwa na mgonjwa aliyebaki nyumbani bila kuchunguzwa. Wazee, wajawazito, wenye kisukari kisichodhibitiwa, wenye kinga dhaifu na wenye homa kali bado hupewa viuavijasumu, mara nyingi wakiwa wamelazwa.

Jipu dogo hutibiwa kwa dawa, na lile kubwa hutolewa usaha kwa sindano au mrija. Wakati mwingine uvimbe hutoboa njia hadi kwenye kibofu, na mgonjwa akaona mapovu ya hewa katika mkojo wake, dalili ya ajabu ambayo wengi huona haya kuitaja. Utumbo ukipasuka, tumbo lote huwa gumu kama ubao na upasuaji haukwepeki. Mojawapo ya njia zinazotumiwa ni ile iliyobuniwa na Henri Hartmann wa Ufaransa mwaka 1921: sehemu mbovu hukatwa, na mwisho wa utumbo hutolewa nje kwenye ngozi ya tumbo, kinyesi kikaingia katika mfuko unaobadilishwa. Kwa wagonjwa wengi mfuko huo ni wa muda, na utumbo huunganishwa tena baada ya miezi kadhaa. Familia ielezwe hayo kabla ya upasuaji kila inapowezekana, kwa sababu wapo wanaokataa kuweka sahihi wakidhani mgonjwa atabaki hivyo maisha yake yote.

Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ya matibabu imekuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Anayejua kwamba ana vifuko ahakikishe mapema kwamba amesajiliwa na kwamba michango yake imelipwa, kwa kuwa shambulio halingoji taratibu za ofisini.

Wiki 6 hadi 8 baada ya shambulio la kwanza, mgonjwa aliyepona hushauriwa kupitishiwa kamera ikiwa hajafanyiwa hivyo karibuni, ili kuhakikisha kwamba kilichoonekana kama uvimbe hakikuficha saratani. Ni safari ambayo wengi huiacha kwa kuwa hawaumwi tena na nauli ni pesa. Matokeo yake yakitoka, karatasi ihifadhiwe nyumbani pamoja na kitambulisho, na mtu mwingine katika familia ajue ilipo. Mgonjwa akipelekwa hospitalini usiku akiwa na homa na maumivu yale yale, abebewe karatasi hiyo na dawa zote anazotumia, ili daktari wa zamu aanzie pale badala ya kuanzia kwenye taifodi.